Mti wa Mghoi na Utepe Mwekundu

Juu kwenye milima ya Taita, pembeni mwa msitu, anaishi Mghoi. Ana miaka sita, na ana mti.

Ni mringaringa. Baba aliupanda siku Mghoi alipozaliwa, na kitovu cha Mghoi kikazikwa papo hapo. Wamekua pamoja. Mti umemshinda urefu, lakini Mghoi hakubali.

Jioni moja Mghoi aliukumbatia mti wake. Akatega sikio.

Kru, kru, kru.
"Nani anakula mti wangu?"

Chini kulikuwa na unga wa mbao. Kwenye gome kulikuwa na tundu, dogo kama kifungo cha shati.

Baba akautazama mti, akakuna kichwa. "Una mdudu, mwanangu. Nikiuacha, atahamia miti mingine. Jumamosi nitaukata."

Machozi yakamlengalenga Mghoi.

Ijumaa akaja shangazi Wawuda, dada yake Baba. Shangazi ni mtafiti wa msitu. Kazi yake ni kujua nani anakula nini huko msituni. Mfukoni ana lenzi, na nywele zake hazikosi jani.

Shangazi naye akatega sikio.

Kru, kru, kru.
"Nani anakula mti wangu?" akauliza Mghoi.

"Tutamjua kesho," akasema shangazi. Akafunga utepe mwekundu kwenye mti, akaenda kuzungumza na Baba.

Mghoi akautazama utepe. Aliwahi kuwaona wakata mbao kule ng'ambo ya kijito. Mti wenye alama nyekundu ndio waliouangusha.

Hata shangazi? Mghoi akakasirika. Akafungua fundo, akauficha utepe ndani ya soksi.

Jumamosi asubuhi, Baba akatoka na shoka. Akauzunguka mringaringa mara moja. Akauzunguka tena.

"Shangazi yako alisema nisiguse mti wenye utepe," akasema. "Huu hauna. Basi ameona hauponi."

Akainua shoka.

Moyo wa Mghoi ukadunda. Du, du, du. Akisema, ataona aibu. Akinyamaza, mti utaanguka.

"Baba, ngoja."

Akavua kiatu. Akavua soksi. Akatoa utepe, umekunjamana na unanuka mguu.

"Mimi ndiye niliyeufungua. Nilidhani nyekundu ni ya kukata."

Baba akashusha shoka, polepole. Shangazi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilimweleza Baba yako, nikamsahau mwenye mti. Nyekundu yangu husema: ngoja, mti huu unatibiwa. Sasa njoo unisaidie."

Mghoi akaweka sikio juu. Kimya. Akaweka sikio chini.

Kru, kru, kru.
"Yuko hapa," akanong'ona.

Shangazi akachokoa gome kwa kisu kidogo. Akatoka funza mnene, mweupe, anajipinda.

"Ni mtoto wa mbawakawa," akasema shangazi. "Si mbaya, ana njaa tu. Chakula chake ni magogo yaliyooza. Huyageuza yakawa udongo, na miti mipya ikaota. Huyu amekosea meza."

Wakaziba tundu kwa udongo. Wakampeleka funza msituni, kwenye gogo lililooza.

"Kula hapa," Mghoi akamwambia. "Shiba."

Jioni ile Mghoi akatega sikio. Kimya. Kesho yake, kimya. Hata Baba akatega sikio, na gome likamkwaruza shavu. Kimya.

Mvua ikanyesha. Ti, ti, ti. Mringaringa ukatoa jani jipya, kisha la pili.

Jua lilipozama, Mghoi akapanda kitandani, utepe mwekundu mkononi. Baba akainama, akaweka sikio kwenye kifua cha Mghoi.

Du, du, du.
"Nani yumo humu?" akauliza Baba.

"Mimi na mti wangu," akajibu Mghoi.

Akafumba macho, akalala.