Hajatoka Kazini

Jina la marehemu lilikuwa bado la kijani kwenye kompyuta, na saa zake za kazi zilikuwa zinaongezeka.

Msimamizi wa kiwanda cha kufulia nguo, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Dakika kwa jinsi asivyomsamehe mtu kuchelewa, aliliona hilo akajua ni kompyuta tu inaendelea kuhesabu. Lakini hakulifuta. Marehemu alikuwa mke wake.

Wafanyakazi wengine wote waligusa kimashine cha mlangoni kwa kidole, kikawaandika wameingia, na jioni wakagusa tena kikawaandika wametoka. Yule mama sabuni ilikuwa imemla vidole hata alama zikafutika, mashine haimtambui ng'o! Basi mumewe ndiye aliyemwandika kwa mkono wake, kuingia na kutoka, kila siku ya Mungu. Siku alipoanguka kando ya meza ya pasi, akabebwa, akafia njiani, nani angekumbuka kompyuta? Alipokuja kukumbuka, msiba ulikuwa umekwisha, na mkono ukawa mzito. Kumwandika ametoka aliona ni kumzika mara ya pili.

Mchana mmoja, mashine zote zimezimwa watu wanakula, pasi ikasikika ikifuka mvuke peke yake. Shuka zikakutwa zimekunjwa. Meza ikanuka mafuta ya karafuu, yale marehemu aliyokuwa akijichua magotini.

"Humu mna jini," mkunja shuka alinong'ona.

"Nyamaza wewe! Litakusikia," mwenzake alimkemea.

Bwana Dakika hakuogopa. Alihamishia chakula chake pale mezani, akawa anakula huku akivuta ile harufu, na moyo wake ukatulia kidogo.

Mpaka siku alipomkuta binti yake, aliyekuwa ameshika nafasi ya mama yake, amesimama anapiga pasi shuka ileile iliyokwisha nyooka, macho wazi lakini hayaoni, miguu imevimba hadi viatu vimembana, na kila alipomwita jina hakuitika, mkono ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, na ile harufu ya karafuu ikawa nzito hata baba mtu akashindwa kupumua.

Alimtikisa. Binti akazinduka, akaanza kulia.

"Baba, kuna mtu ananiegemea mgongoni. Mzito."

Mganga akaitwa. Akazunguka meza zote na ubani wake, kisha akauzima.

"Hapa sina jini la kufukuza, bwana," alisema kwa upole. "Kuna mtu amechoka na hajaruhusiwa kwenda. Anatafuta pa kuegemea."

Bwana Dakika akajifungia ofisini, akaketi mbele ya kompyuta. Karafuu ikajaa chumbani. Nyuma ya kiti, karibu kabisa na sikio lake, mtu alipumua.

"Miguu inaniuma, baba watoto. Nimesimama tangu siku ile."

Hakugeuka. Alitamani mno kugeuka, lakini alijua akimwona hatamwachia.

"Nisamehe, mke wangu," alisema huku machozi yakimdondoka. "Mimi nilidhani nakaa na wewe."

Akamwandika ametoka. Jina likapoteza rangi yake ya kijani, na harufu ikakatika palepale.

Binti alikuwa anasubiri mlangoni.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Amesema nini, baba?"

Akajifuta uso kwa kiganja, akamshika mwanawe bega.

"Anakusalimia sana," alisema. "Amesema hana shida yoyote."