Gogo Aliloleta Sosthène

Kalamu ilikuwa haijatiwa wino, lakini Kathembo aliporudi kutoka kula chakula cha mchana, aliikuta imeandika. Kwenye karatasi iliyotandikwa mezani palikuwa na neno moja, jeusi, bado bichi: Tabisa. Jina la mke wake.

Kathembo alikuwa fundi wa kalamu za wino pale Bwera, mji wa Uganda mpakani mwa Kongo. Alikereza mbao za mapambo kwa mashine, akazipiga msasa na nta mpaka zikang'aa, ndipo akazitia ncha ya chuma. Hiyo ilikuwa kalamu ya kwanza kutoka kwenye gogo jekundu lenye mistari myeusi, zawadi ya Sosthène, Mkongo aliyekimbia vita Beni. Kathembo alikuwa amempa nusu ya karakana yake, akamwita ndugu.

"Nani ameandika hapa?"

Sosthène hakuinua macho. "Mi sijue, ndugu."

Siku ya tatu nyumba ilinuka udongo wa kaburi. Tabisa akaacha kula. Alishinda kitandani sikio likiwa ukutani, na Kathembo alipoinama kusikiliza naye, alisikia ncha ikikwaruza ndani ya matofali, polepole, ikitulia kila Tabisa alipovuta pumzi na kuendelea kila alipoitoa, mpaka akaona midomo ya mkewe ikicheza na sauti inayotoka si yake, ni ya kikongwe fulani, ikisema kwa Kiswahili cha ng'ambo: "Sosthène njo alinileta. Alisema huku kuko muke muzuri."

Kathembo akamwita Mama Resty, mganga wa kijiji cha Hamukungu. Akamwita na Sosthène.

"Gogo lilitoka wapi?" mganga akauliza.

Sosthène akapiga magoti. "Nilikata muti juu ya kaburi, kule Beni. Hiyo kitu ikanifwata, ikaniulia mutoto. Bazee ba kwetu bakaniambia nimupatie gogo mutu mwenye atapokea na roho safi."

"Ukanichagua mimi," Kathembo alinong'ona.

"Sikukuwa na rafiki ingine."

Mama Resty akatupa gogo na kalamu kwenye makaa. Tabisa akapiga yowe, mgongo ukapinda kama upinde.

"Pepo linatoka," mganga alisema. "Kathembo, tamka kwamba umemsamehe, nami nitalifunga. Ukinyamaza, linarudi kwa aliyelileta."

"Ndugu," Sosthène alisema kwa sauti ya chini, "nilibaki na mutoto moja tu, Rachelle. Iko na miaka saba."

Kathembo akafungua mdomo. Akamtazama mkewe, mashavu yaliyobonyea, kucha zilizovunjikia ukutani. Akaufunga.

Harufu ikakatika ghafla. Tabisa akafumbua macho, akaomba maji.

Simu ya Sosthène ikaanza kuita: namba ya jirani aliyemwachia Rachelle. Aliitazama tu, asithubutu kupokea, nayo ikazidi kuita.

Kathembo akampita pale alipopiga magoti, akaenda kumchotea mkewe maji.