Mashine ya Nestory wa Ipole

Muuzaji hakutoa neno hata moja. Kila Wilbroad alipouliza kitu, Nestory alichomoa penseli nyuma ya sikio na kuandika jibu kwenye kipande cha ubao: bei, umri wa mashine, na kwamba mota haijawahi kufunguliwa. Mashine yenyewe, ya useremala, ilimtoa Wilbroad udenda. Chuma kimoja, kinapasua, kinaranda, kinatoboa, na kingeenea kwenye gereji yake ndogo ya Ng'ambo, mjini Tabora, ambako kwa miaka kumi na moja alikuwa ameranda kwa mkono hadi mabega yakalegea. Alidhani mwenzake ni bubu, akamwonea huruma kidogo, kisha akambana kwenye bei bila huruma yoyote.

Fuso lililobeba mashine lilipoondoka, Nestory alilikimbilia akipunga kile kibao, kimeandikwa kitu kipya kwa herufi kubwa. Wilbroad alicheka.

"Twende, dereva. Ameshajuta, anataka kupandisha bei."

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe tupu. Vitanda viwili vya mninga vilikwisha kabla ya Ijumaa. Ni harufu tu iliyomkera: kila mashine ilipowaka, gereji ilinuka jasho na vumbi, kama chumba walicholala watu wengi waliotembea siku nyingi. Akafungua madirisha, akaendelea na kazi.

Jumanne mchana, mkewe Consolatha akiwa uani anatwanga kisamvu, alisikia sauti ya mumewe ndani ya mngurumo wa mashine ikimwita binti yao. "Marcelina." Mtoto huyo wa miaka tisa alikuwa kasuku wa nyumba, kutwa maswali, kutwa nyimbo za kwaya, na alikuwa na adabu, hakuna aliyepata kumwita mara mbili.

"Abee, baba," akaitika, akakimbilia gereji.

Wilbroad akazima mashine. "Nani amekuita?"

Marcelina akafungua mdomo. Midomo ikatamka, ulimi ukacheza, na hakikutoka kitu.

Hospitali waliambiwa koo ni zima. Padri alimwombea. Siku ya tano Wilbroad, aliyekuwa na milango ya mtu ya kumalizia, akawasha mashine, na pale msumeno ulipouma ubao akasikia ndani ya chuma wimbo wa kwaya, ubeti mzima, kisha kicheko cha binti yake, kisha swali, taratibu, "Baba, mbona huku kuna watu wengi?"

Bi Zuena, mganga wa Gongoni, alikuja kwa bajaji akililalamikia jua. Wilbroad na mkewe walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuwatazama. Macho yake yalikuwa kwenye mashine. Hakuigusa, aliinusa tu.

"Mmeitoa wapi?"

"Ipole, bibi. Kwa bubu mmoja."

"Njia ya misafara." Akashusha sauti. "Kuna jini la njia ile tangu enzi za wapagazi. Aliyechoka akabaki nyuma, lilimwita kwa sauti ya mtu wake. Akiitika tu, sauti yake inafuata msafara, mwili unabaki. Sasa limo humu. Huyo aliyekuuzia naye aliitika."

Wilbroad akakikumbuka kile kibao. "Litoe, bibi. Leo hii."

Ubani ukafukizwa, Bi Zuena akaanza kusoma huku akinyunyiza maji, na mashine, ambayo waya wake wa umeme ulikuwa umekunjwa juu ya meza, ikaanza kuzunguka yenyewe, mikanda ikipiga, jasho lile likinuka hadi macho yakawasha, na nyayo za watu wengi wenye mizigo zikasikika zikipita sakafuni, zikipita, zikipita bila kwisha, na Consolatha, aliyekuwa amemkumbatia mwanawe, akasikia katikati ya nyayo hizo sauti anayoijua kuliko zote ikilia, "Mama, wananiondoa. Mama, nisubirini."

"Acha," Consolatha akasema. "Bibi, acha."

"Nikiacha, halitoki tena. Na likitoka, linaondoka na vyote vilivyomo."

"Hukutuambia."

"Mlisema nilitoe."

Wilbroad alimtazama mtoto aliyekuwa akitetemeka bila sauti. Kisha yeye mwenyewe akamwagia chetezo maji. Bi Zuena akafunga mkoba wake.

"Basi msimwitikie," alisema mlangoni. "Hata akilia."

Tangu hapo, kila alasiri Wilbroad aliwasha mashine bila ubao, wakakaa watatu kusikiliza. Marcelina alichezesha midomo akifuatisha maneno yake mwenyewe. Sauti iliimba, ilisimulia, halafu ikauliza swali moja kila siku: "Mama, mbona huniitikii?" Consolatha alijiziba mdomo kwa khanga, na Wilbroad alizima mashine upesi.

Alhamisi alitoka kununua gundi. Hakukawia. Alipofika getini alisikia mashine ikinguruma, akakimbia. Consolatha alikuwa ameketi mbele ya mashine, Marcelina mapajani, anamsuka nywele. Mashavu yake yalikuwa yamelowa machozi, lakini uso ulikuwa umetulia kuliko siku zote za mwezi ule.

"Mama Marcelina," akamwita. "Nijibu."

Consolatha akamgeukia, akatabasamu, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Ndani ya mashine watu wawili walikuwa wakizungumza, bila haraka.

"Baba amerudi," mtoto alisema.

"Basi mwite," mama akajibu.