Kipande cha Shati la Mistari

Kila alasiri, Lornah aliporudi kutoka shuleni, alivua sare yake, akachukua debe na kwenda mferejini. Mifereji ya maji katika mtaa wa Nyalenda ilikuwa michache na foleni ilikuwa ndefu. Akishateka maji alirudi nyumbani, akawasha jiko, akamngoja mama yake atoke Milimani, alikofanya kazi katika nyumba ya afisa mmoja wa serikali. Ulikuwa mwaka 1972, msimu wa mvua za vuli. Mchana mawingu yalijikusanya juu ya ziwa, na jioni mvua ilipiga mabati kwa kishindo hata watu wa chumba kimoja wakapaza sauti ndipo wasikizane.

Selpha, mama yake Lornah, alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma kuifanya. Alishona mablanketi ya viraka. Vitambaa vingine alipewa na Wamaitha, mshonaji aliyeweka cherehani yake kwenye baraza ya duka moja mjini. Vingine vilikuwa mapazia yaliyochakaa kutoka Milimani. Kwanza alivilowesha vyote ili vile vyenye rangi kali vichuje kabla ya kushonwa. Kisha alivianika, akavipiga pasi ya makaa, akavikata miraba kwa kufuatisha kipande cha boksi. Baada ya hapo ndipo aliposhika sindano. Blanketi moja lilichukua miezi, na hakuwahi kuuza hata moja.

"Mama Lornah, hizi viraka zote utapeleka wapi?" jirani yake Nakhungu alimtania siku moja. "Ama unataka kufunika ziwa?"

"Nikimaliza ziwa nitafunika mdomo yako," Selpha alijibu bila kuinua macho, wote wawili wakacheka.

Nakhungu alikuwa ametoka upande wa Bungoma na alikaa chumba cha tatu kutoka kwao, peke yake. Nicodemus, babake Lornah, alipofariki wakati wa mvua za masika, ni Nakhungu aliyewapikia watoto wa wageni na kuwatafutia mahali pa kulala. Ni yeye pia aliyefua nguo zote za marehemu, akazipiga pasi na kuzipanga ndani ya sanduku la bati, kwa sababu Selpha hakuweza kuzishika bila kulia.

Kwa desturi ya ukoo wao, nguo za marehemu zilikaa pamoja zikingoja ndugu zake waketi na kuzigawa. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyezivaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuzikata. Aliyekata nguo ya marehemu kwa siri alidhaniwa kuwa anawatafutia watoto wa huyo marehemu ubaya.

Tangu msiba ule, Selpha alishona zaidi ya zamani. Alisema mikono ikikaa bure, kichwa hufanya kazi isiyo yake. Lornah, kwa upande wake, hakuweza kutulia. Alianza blanketi lake dogo, akashona safu mbili, akaliacha chini ya godoro. Akaanza kusuka mkeka, akauacha. Alikwenda mlangoni, akatazama barabara, akarudi, akakaa, akainuka tena. Masomo pia yalimshinda, kwa kuwa kila aliposoma mstari mmoja alijikuta anausikiliza mlango, kana kwamba kuna mtu wa kuingia.

"Kaa chini, nyathina, mtoto wangu," mama yake alimwambia. "Hata mimi nachoka kukuangalia."

Jumatano moja shangazi yake, dada yake Nicodemus, alifika kutoka Pap Onditi pamoja na mwanawe Gordon, kijana wa miaka kumi na sita. Walileta mtama, kuku na habari. Jumamosi, Baba Mdogo Absalom, ndugu yake Nicodemus, angekuja, na nguo zingegawanywa.

Gordon alikaa kwenye kiti cha Nicodemus, akanyoosha miguu. "Mimi najua yangu," alimnong'oneza Lornah. "Ile shati ya buluu ya mistari. Hiyo hata kipimo ni yangu."

"Hiyo ni ya baba," Lornah akasema.

"Ilikuwa ya baba. Jumamosi nitarudi nayo nyumbani, na wewe utapewa soksi."

Shati lile ndilo Nicodemus alilovaa kila Jumapili. Alipokuwa mdogo zaidi, Lornah alikuwa akishika mkono wake wakielekea kanisani, na macho yake yalikuwa sawasawa na kishikizo cha mkono wa shati. Aliposikia neno la Gordon, aliutazama ufunguo wa sanduku uliotundikwa kwenye msumari ukutani.

Siku iliyofuata, Lornah aliporudi kutoka shuleni, mama yake alikuwa Milimani, na shangazi alikuwa ameenda sokoni na Gordon. Lornah alitoa ufunguo kwenye msumari, akafungua sanduku. Alilitoa shati, akalikunjua, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha alichukua mkasi wa mama yake, akakata mraba mmoja chini ya mgongo, kwenye sehemu inayochomekwa ndani ya suruali. Alidhani hakuna atakayeona. Alilikunja shati jinsi alivyolikuta, akafunga sanduku, na kukishona kipande kile kwenye blanketi lake dogo kwa haraka, mishono mirefu kama ya gunia. Alipomaliza alilirudisha blanketi chini ya godoro, akaketi juu yake. Hata hivyo utulivu aliotazamia haukuja.

Ijumaa ilikuwa sikukuu, na asubuhi hiyo hakukuwa na shule wala kazi Milimani. Jua lilitoka, na Selpha akaamua kuzianika nguo kabla ya mgawo. Shangazi alilikung'uta shati la mistari, likapepea, na mwanga ukapita kwenye tundu la mraba.

"Mama Lornah," shangazi akaita kwa sauti ya chini. "Kuja uone."

Selpha alikuja, akaligusa tundu lile kwa kidole. "Labda panya," akasema.

"Panya gani anakata na makasi? Angalia hii kona." Shangazi alilikunja shati polepole. "Hii sanduku ilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

"Haijafunguliwa. Tangu Nakhungu apange nguo."

Shangazi aligeuka. Alitazama tu mlango wa tatu.

"Hapana," Selpha akasema. "Nakhungu ni kama dada yangu."

"Kama dada. Mimi ndiye dada ya marehemu, na mimi nasema mtu amebeba kipande ya nguo ya ndugu yangu. Kwa nini amebeba? Hana mtoto, na wewe uko na mtoto."

Lornah alikuwa amesimama karibu na jiko. Alifungua mdomo, lakini shangazi alikuwa ameshachukua debe na kwenda kuteka maji. Na mferejini, shangazi hakunyamaza.

Kufikia saa sita neno lilikuwa limezunguka vyumba vyote vya ploti. Lornah alipotumwa maji, alimkuta Nakhungu katikati ya foleni. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alisogeza debe lake mbali. Aliyekuwa nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Nakhungu akabaki katikati ya nafasi tupu, akitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Lornah, mtoto yangu," akaita. "Hawa wamama wako na nini leo? Mama yako yuko nyumbani nimuulize?"

"Sijui," Lornah akajibu. Aliacha debe lake palepale, akakimbia.

Hakukimbilia nyumbani. Alizunguka vichochoro vya Nyalenda, akaruka mitaro iliyojaa maji ya mvua, akafika karibu na ziwa ambako mafunjo huanza, kisha akageuka tena. Kila mahali aliposimama, miguu ilimtaka aende kwingine. Alitaka kusema, na aliogopa. Kama angesema, wazee wa ukoo wangemwona mtoto aliyevunja desturi ya marehemu, tena marehemu mwenyewe ni baba yake. Kama angenyamaza, labda maneno yangepoa yenyewe.

Hayakupoa. Jioni alimkuta mwenye ploti amesimama mbele ya mlango wa tatu. "Mimi sina ubaya na wewe, Mama," alikuwa akimwambia Nakhungu. "Lakini wapangaji wanalalamika. Afadhali utafute nyumba pahali pengine." Nakhungu hakubishana naye. Aliingia ndani, akaanza kufunga sufuria zake ndani ya shuka.

Ndani ya nyumba Selpha alikuwa ameshika sindano, lakini hakuwa akishona. Alikuwa anafumua mishono aliyoishona jana, na mishono ile haikuwa na kasoro yoyote.

Jumamosi Baba Mdogo Absalom alifika, mzee mfupi mwenye koti la kahawia na sauti isiyopanda. Aliambiwa habari kabla hajanywa chai. Alikataa kugawa hata leso mpaka jambo lile liishe, akaomba Nakhungu aitwe.

Nakhungu alisimama karibu na mlango. Hakuna aliyempa kiti mpaka Selpha alipoinuka na kumpa chake.

"Dada," Absalom akasema, "mimi siwezi kuhukumu mtu ambaye sijamsikia. Tuambie kuhusu nguo hizi."

"Nilifua, Mzee. Nikapiga pasi, nikakunja, nikaweka. Shati ilikuwa mzima."

"Basi uape," shangazi akasema. "Uape hapa mbele ya mtoto ya marehemu."

"Nitaapa. Lakini hata nikiapa, bado mtasogeza madebe. Hiyo mimi najua." Nakhungu alimgeukia Selpha. "Nicodemus alikuwa akinisalimia kila asubuhi. Mimi nichukue nguo yake nifanye nini?"

Nakhungu aliinua mkono wake ili aape. Hapo Lornah aliinuka. Aliingia nyuma ya pazia la kitanda, akalitoa blanketi lake dogo, akaliweka magotini pa Absalom.

"Ni mimi," akasema. "Si yeye. Nilikata siku ya Alhamisi, nyinyi mkiwa sokoni."

Absalom alilikunjua blanketi, akaliweka shati juu yake. Mistari ya shati ikaungana na mistari ya kiraka. Shangazi alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Kwa nini?" Absalom akauliza.

"Gordon alisema atarudi nalo Pap Onditi. Nilitaka kipande cha baba kibaki hapa."

"Mimi nilikuwa nacheza tu," Gordon akasema.

"Wewe nyamaza, nitafika kwako." Absalom alimgeukia Lornah tena. "Kwa nini hukuomba?"

"Nilidhani watoto hawaombi kwenye mgawo."

"Nani alikuambia? Mgawo ni wa nani kama si wa watoto wa marehemu? Ungeniambia, 'Baba Mdogo, nataka shati,' ningekupa lote na mikono yake." Aliligusa blanketi magotini. "Kukata ni kosa, lakini kosa la mtoto mwenye uchungu, na mimi nalisamehe. Jana mama huyu alitengwa mferejini, na wewe ulijua ukweli. Hapo ulikuwa na uchungu wa nani?"

Lornah alimtazama Nakhungu. Machozi yalimtoka.

"Sasa sikiliza. Hatutamalizia jambo hili ndani ya nyumba. Nakhungu hakutukanwa ndani ya nyumba. Neno lilitembea mferejini, basi litarudi mferejini. Utakwenda wewe, na dada yangu atakwenda na wewe."

"Mimi?" shangazi akauliza.

"Wewe ndiye uliyelipeleka."

Kisha alimtupia Gordon lile shati. "Na wewe, hili ni lako kama ulivyotaka. Utalivaa na tundu lake, uwe unachomekea vizuri. Siku nyingine usimtanie mtoto aliyefiwa."

Mferejini foleni ilikuwa ndefu kama kawaida, na Nakhungu alikuja nyuma yao na debe lake. Lornah alisimama mbele ya wanawake wote, akasema kwamba yeye ndiye aliyekata shati la baba yake na kwamba Nakhungu hakufanya lolote. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mwanamke mmoja wa nyuma akasema hakusikia. Ilimbidi arudie tangu mwanzo. Mara hii kila mtu alisikia. Shangazi naye akasema kwa ufupi, macho yakiwa chini, kwamba alikuwa amemsingizia mtu bure. Mwenye ploti, aliyekuwa akinawa miguu kando, alikohoa na kumwambia Nakhungu asihangaike kufunga vitu tena.

Nakhungu aliweka debe lake chini, akamgeukia Lornah. Hakutabasamu.

"Bado nina hasira," akasema. "Itaisha, lakini si leo. Nataka ujue kitu kimoja. Ulipokata shati, ulikata kipande kidogo kama kiganja. Uliponyamaza, ulitaka kukata nyumba yangu, jina langu na majirani yangu. Kosa ya mkono inarekebishwa, mtoto yangu. Lakini ukinyamaza, mwingine anabeba mzigo yako, na kila siku inakuwa nzito. Sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Nimesikia, Mama," Lornah akasema. "Nisamehe."

Jioni ile Lornah alifumua mishono yake mirefu na kuanza upya, mama yake akimwonyesha jinsi ya kuivuta sindano bila kukunja kitambaa. Mvua ilianza kunyesha na hakwenda mlangoni. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale mferejini, Nakhungu alijaza debe lake mpaka juu. Lilikuwa zito, na kwa kawaida mtu huhitaji mwenzake wa kumtwika. Wanawake walitazamana. Shangazi ndiye aliyesogea. Alisokota kitambaa kuwa kata, akaiweka kichwani pa Nakhungu, akashika debe upande mmoja na Lornah akashika upande wa pili, wakalinyanyua pamoja.