Gari Lisiloona Pamba

Gari lilikuwa linakimbia na kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Usukani ulijizungusha wenyewe. Land Cruiser la kijani, kamera mbili juu ya paa, kompyuta kwenye buti. Lilikata kona ya Mwamapalala kama limeshikwa na tumbo.

Nyuma yake Nyanjige, jasusi wa Idara, aliinama juu ya Yamaha akila vumbi. Ndiyo chakula chake cha mchana hicho.

Motorola ikakwaruza.

"Tai, hapa Kiota. Wanunuzi wa Dorfner tumewafunga pingu gesti, Somanda. Walikuwa wanasubiri gari lifike lenyewe ndipo walipie. Wanataka la kubebea mabomu."

"Lizimeni."

"Anayeweza kulizima ni Dorfner tu. Na kuna lingine. Watoto wa komunyo ya kwanza wametoka kanisani kwa maandamano. Wako barabarani."

"Wamevaa nini?"

"Swali gani hilo? Nguo nyeupe."

Nyanjige akavuta mafuta mpaka mwisho.

Msimu mzima alijifanya mchambua pamba kwenye ghala la Dorfner, Mzungu aliyeingia na soko huria akijiita mnunuzi. Mwanzoni gari lilisimama kwa kila pamba iliyodondoka kwenye malori. Barabara nyeupe, gari linapiga breki kama kuku mlevi. Dorfner akachoka. Akaiambia kompyuta: cheupe ni pamba, pita.

Wiki iliyopita Ng'washi alikuwa anatoka kanisani na gauni lake jeupe.

Likapita. Juu yake.

Nyanjige akachepuka shambani, akalitangulia gari, akarudi barabarani. Mbele, Mayunga, mume wa Ng'washi, alikuwa anaswaga maksai wekundu na mkokoteni wa pamba. Matanga yalikuwa yameisha jana.

"Bhabha Mayunga! Ziba njia! Maksai katikati!"

"Litawagonga, mayu!" Mayunga akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Wekundu linawaona!"

Mayunga akachapa mjeledi. Maksai wakajaa barabarani.

Breki zikalia.

Gari likasimama, linanguruma, bampa linagusana na pua ya ng'ombe.

Nyanjige akaruka chini ya pikipiki, akazama uvunguni na praizi. Paipu ya mafuta. Kacha! Dizeli ikammwagikia shingoni. Iliyobaki kwenye injini ingelisogeza kidogo tu, basi.

Akatoka. Pajero likafunga breki nyuma yake.

Dorfner akashuka na Beretta mkononi. Shati jeupe, limepigwa pasi, kola imesimama. Akajipenyeza mbele ya Land Cruiser, kando ya pua za ng'ombe, akalipigapiga boneti kama anabembeleza mtoto.

"Ondoa ng'ombe, mzee."

"Ulimuua mke wangu," Mayunga alisema.

"Mke wako alikuwa kosa dogo. Ondoa ng'ombe!"

"Dorfner," Nyanjige akasema, "toka mbele ya gari."

"Hili? Mimi ndiye nililifundisha. Lina macho kuliko wewe."

"Basi vua shati."

Mzungu akacheka. "Joto limekuzidi, dada?"

Akaelekeza Beretta kwenye kichwa cha Mayunga. Mayunga akamwangalia Nyanjige.

Nyanjige akaitikia kwa kichwa.

Mayunga akapiga mluzi. Maksai wakajivuta pembeni, taratibu, kama wazee wanaoondoka harusini.

Mbele ya kamera pakabaki kitu kimoja tu. Cheupe.

Injini ikaunguruma. Dorfner aligeuka. Alifungua mdomo, labda kuliita kwa jina.

Likapita.

Halikwenda mbali. Likakohoa, likatetemeka, likazimika, magurudumu ya nyuma yakiwa yamemkalia kifuani. Mkono wake ulikwaruza barabara mara chache. Halafu ukaacha.

Upepo ulileta sauti za watoto wakiimba. Walikuwa karibu kuliko alivyodhani.

Motorola tena. "Tai, gari vipi?"

"Limezimika."

"Na Dorfner?"

"Amelifanyia majaribio ya mwisho."

Mayunga alikuwa amesimama kando ya maiti, mjeledi unaning'inia. "Mayu, watoto wasimwone hivi. Nimfunike na pamba?"

Nyanjige akakiangalia kile kirundo kwenye mkokoteni. Juu pamba safi, pembeni gunia la pamba chafu, ile ya majani na udongo, fifi.

"Mfunike, bhabha. Lakini na fifi. Hiyo safi kauze."

Akapangusa dizeli shingoni, akapiga kiki Yamaha, akaenda kuwaambia watoto wapitie upande wa pili.

Polepole. Pembeni kabisa mwa barabara.