Nta Isiyoumiza

Sungura wa tatu hakushtuka alipochomwa sindano. Fausta aliliona hilo, akajiambia mnyama amechoka, akaendelea na kazi.

Kazi yake, katika maabara ndogo pale Mpanda, ilikuwa kupima nta ya nyuki wa Inyonga ambayo madaktari walitaka kuzibia damu ya mifupa wakati wa upasuaji. Anapasua ngozi ya sungura kidogo, anaweka punje ya nta, anashona, anasubiri. Ngozi ikivimba, nta imekataliwa. Safari hii hakuna iliyovimba. Ila sungura waliacha kula, wakakaa tu macho wazi, chumba kikaanza kunuka asali iliyochacha, na ndani ya kopo la nta, lililofungwa kwa kifuniko, nyuki wakawa wanavuma.

Kosa lilikuwa lake pia. Aliilainisha nta kwa mkono mtupu, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Siku ya nne vidole havikusikia moto. Siku ya sita binti yake Emelyne, wa miaka minne, alimkumbatia, naye akaona kama ameegemewa na gunia. Hilo lilimtisha, na hakutishika tena baada ya hapo.

Akampigia simu Melkiadi, mrina asali aliyeleta nta.

"Kaka, hii nta uliitoa wapi?"

"Dada, nisamehe. Sega la kwanza huwa tunamwachia mwenye mti. Nyie mlitaka kilo kumi, zikapungua. Nikachukua na lake."

"Sasa anataka nini?"

"Wazee wanasema jini huyo anakula uchungu wa watu. Hatoki mpaka aliyemshika alie machozi ya kweli. Lia, dada. Lia leo, kabla hajahamia kwa mwingine."

Fausta aliketi sebuleni akajaribu, akamkumbuka mama yake siku ya mazishi, jeneza likishuka, udongo ukidondoka juu ya mbao, wimbo wa wanakwaya, akarudia na kurudia kama anayesoma habari za mtu mwingine, na macho yakabaki makavu.

Jikoni sufuria ikaanguka. Emelyne alisimama katikati ya uji wa moto, ngozi ya mkono ikichubuka.

"Mama," alisema taratibu, "siumii."

Fausta alijua kwamba hapo mama yeyote angepiga yowe. Akalisubiri la kwake. Kisha akachukua kitambaa, akafuta uji sakafuni.