Jiwe la Komadre

Masikio ya jirani yetu Hermelinda yalisifiwa kijiji kizima cha Patapuquio. Kila mwaka, wanakijiji walipojitolea kuhesabu ndege kwenye njia za juu milimani, hakuna aliyemfikia. Kule ukungu huwaficha ndege wote. Unasimama kimya, unawahesabu kwa sauti tu.

Mwenzake wa njia alikuwa Casilda, aliyemsimamia Yeni, binti wa Hermelinda, ubatizo, na tangu siku hiyo wakaitana komadre. Masikio ya Casilda yalikuwa yanakufa polepole, na Hermelinda alimfichia siri. Kila ndege alipolia, alimbonyeza kiganja ili mwenzake ajifanye amesikia, wasije wakamtoa kwenye kikundi. Alimpenda, basi.

Asubuhi ile walikula mahindi ya kuchemsha na jibini, wakatafuna majani yao ya koka, wakaanza kupanda wakitaniana. Pale njia inapovuka mgongo wa mlima kuna chungu ya mawe, na desturi yake hata mtoto anaijua. Kila mtu hupanda na jiwe lake, hulisugua mwilini, huliweka pale, na kinachomlemea hubaki pale. Jiwe la mwenzio hulibebi, hata awe mama yako mzazi.

Chini kidogo ya chungu, Casilda aliketi akashika goti.

"Niwekee na langu, komadre. Goti limenigomea."

Lilikuwa jiwe jeusi, limefungwa uzi mweupe wa sufu wenye fundo moja. Hermelinda alisita.

"Kila mtu na lake, komadre. Si unajua."

"Haya, liache. Kumbe mimi mtu baki."

Neno hilo lilimchoma. Akalipokea. Lilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi, akadhani ni joto la mfukoni. Akaliweka juu ya chungu kwa mkono wake mwenyewe.

Walipoingia msituni, alisimama kusikiliza. Kimya. Akadhani mwewe amepita. Wakasogea mbele, akasimama tena. Kimya. Upepo ulitikisa matawi, na matawi hayakutoa sauti. Akakanyaga kijiti kikavu. Kikavunjika kimyakimya.

Ukungu ukafunguka kidogo. Mbele ya uso wake, kwenye tawi, kidege cha kijivu chenye kishungi kilikuwa kimepanua mdomo, koo likitetemeka. Kilikuwa kinaimba.

Aligeuka. Casilda alikuwa amefumba macho, machozi yakimtiririka, ananyoosha kidole kule, na kule, na kule. Kila aliponyoosha, ndege aliruka. Goti halikumsumbua hata kidogo.

Hermelinda alipiga ukelele, asiusikie. Aliona tu midomo ya komadre wake ikinong'ona taratibu.

"Nisamehe. Wewe umeshasikia vya kutosha."

Kilichomuua moyo hakikuwa uziwi. Ni kwamba yule ambaye yeye alimsitiri aibu ndiye aliyemuuza, tena kwa kumwita komadre.

Kesho yake alipanda na mumewe kwenda kuliondoa lile jiwe. Umande ulikuwa umeganda juu ya chungu nzima, isipokuwa mahali pamoja pakavu, padogo kama ngumi. Jiwe halikuwepo.

Waliporudi, Yeni alikuwa mlangoni. Midomo yake midogo ikaita: Mama. Hermelinda hakusikia kitu. Lakini ng'ambo ya bonde, mbali mno kwa sikio la mtu yeyote, Casilda aliinuka katikati ya shamba la viazi, akageuka upande wao, akampungia mtoto mkono.

Hermelinda alimvuta binti yake ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Jioni, akimtandikia mtoto, mkono wake uligusa kitu cha joto chini ya blanketi. Jiwe jeusi. Uzi mweupe.

Alipolipandisha mlimani lilikuwa na fundo moja. Sasa yalikuwa mawili.